Masharti ya Majimbo ya Marekani Kabla ya Kufungua Shauri la Talaka

Marekani haina sheria moja ya talaka kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na katika kazi yangu ya kuwasaidia wasemaji wa Kiswahili kuandaa nyaraka za mahakama, naona wengi wakianza na makosa ya mwenzi, ilhali mahakama huanza kwa kuuliza mnaishi wapi na tangu lini.

Hatua ya kwanza: thibitisha ukaazi. Nevada huridhika na wiki 6. California hudai miezi 6 jimboni na miezi 3 katika kaunti. Texas, miezi 6 jimboni na siku 90 katika kaunti. Tuseme mume amebaki Dallas, jimboni Texas, na mke alihamia Columbus, jimboni Ohio, mwezi uliopita. Ohio haiwezi kulipokea shauri lake, kwa kuwa humtaka mwombaji mwenyewe awe ameishi humo miezi 6, lakini Texas italipokea katika kaunti ya mume, kwa sababu huko ukaazi wa mmoja wao unatosha. Wenye watoto wawe waangalifu zaidi: kwa kawaida suala la malezi huamuliwa na jimbo ambamo mtoto ameishi miezi 6 iliyotangulia, hata talaka ikitolewa kwingine.

Hatua ya pili: chagua sababu. Majimbo yote huruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la mtu. New York lilikuwa la mwisho kukubali, mwaka 2010. Hata hivyo, North Carolina hutaka muwe mmeishi mbalimbali mwaka mzima, na kulala vyumba tofauti katika nyumba moja hakuhesabiwi.

Hatua ya tatu: andaa nyaraka. Cheti cha ndoa cha Kifaransa au Kiswahili kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Talaka iliyotamkwa msikitini, hata ikiwa na mashahidi, haivunji ndoa iliyosajiliwa serikalini. Asiyemudu ada ya mahakama amwombe karani fomu ya msamaha.

Hatua ya nne: mwenzi afikishiwe hati, wala usimkabidhi wewe mwenyewe, kwani kazi hiyo ni ya mtu anayeruhusiwa kisheria. Texas humpa mpaka saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita tangu afikishiwe hati ili awasilishe jibu. Ndipo mnasubiri: Texas kwa kawaida siku 60 tangu shauri lilipofunguliwa, California miezi 6 tangu mwenzi alipofikishiwa hati. Hukumu ikitoka, omba nakala yenye muhuri wa mahakama, maana bila hiyo msajili wa ndoa nyumbani anaweza kukukatalia ndoa nyingine.