Jinsi ya kufundisha vijana stori ya Mfalme Edward VI kama grupu yako ina Wakatoliki na Waanglikana

Kama unaongoza vijana hapa Nairobi unajua vile grupu zetu ziko, huyu ametoka Misa Holy Family Basilica, yule ametoka ibada All Saints, mwingine baba ni ACK, yaani Kanisa Anglikana la Kenya, na mama ni Mkatoliki, sasa ukiambiwa ufundishe mambo ya kanisa la Uingereza miaka ya 1500 unaweza kuwasha moto bila kujua. Mimi niliwasha. Nilianza na babake Edward, Henry VIII, yule mfalme aliyejitenga na Papa ili aachane na mke wake, na mabibi zake, na kabla dakika kumi ziishe msichana mmoja Mkatoliki akasema kumbe kanisa lenu lilitokana na talaka, kijana wa ACK akamrudishia ati nyinyi ndio mlikuwa mnachoma watu, somo likaishia hapo na hao wawili wakakaa wiki kadhaa bila kusalimiana. Iliniuma sana.

Kwa hivyo usianze na Henry, anza na mtoto wake. Edward alizaliwa Oktoba 1537, akawa mfalme Januari 1547 akiwa na miaka 9, akafa Julai 1553 akiwa na 15. Ukisema hivyo watanyamaza, juu ni rika yao. Mjomba wake Edward Seymour ndiye alishika serikali, 1549 akatolewa, John Dudley akaingia, lakini hapo pita mbio, siasa ya ikulu itakumalizia saa yote. Mtu wa kukaa naye ni Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, sababu serikali ya Edward ilikuwa inageuza kanisa liwe la Kiprotestanti, na ibada mpya ilipitia mikononi mwake.

Halafu waingize ndani ya kanisa lenyewe. Chukua karatasi kubwa, uliza Mkatoliki mmoja akutajie vitu anaona akiingia kanisani, sanamu, mishumaa, altare, rozari mikononi mwa mashosho, chora vyote. Sasa anza kufuta moja moja. Kuanzia 1547 sanamu zinatolewa, picha za ukutani zinapakwa chokaa, kusali na rozari kunakatazwa, 1550 altare za mawe zinabomolewa na meza ya mbao inawekwa. Usiharakishe hapa. Mara ya pili nilipofanya hivi kijana wa ACK ndiye aliuliza, sasa wale wazee walijisikiaje? Hilo swali likitoka kwake lina nguvu kuliko ukiuliza wewe.

Kitu ingine wataelewa haraka ni sala za marehemu. Uingereza watu walikuwa wanaacha pesa na mashamba ili padre aombee roho zao wakishakufa, na sheria ya 1547 ikafunga taasisi za kuombea wafu hivyo, mali ikaenda kwa mfalme. Mkatoliki ambaye nyumbani kwao huomba Misa ya kumkumbuka babu ataelewa uchungu wa kuambiwa hakuna tena wa kumwombea. Lakini eleza upande wa Cranmer pia na uueleze vizuri, yeye aliamini kwa dhati kwamba mtu anaokolewa kwa imani na kazi ya Kristo ilitosha, hakuna sala ya kununuliwa inaweza kuongezea. Ukiufanya upande mmoja uonekane mjinga umepoteza nusu ya darasa.

Sehemu yenyewe ni lugha. Kitabu kipya cha sala, cha Kiingereza, kilianza kutumika siku ya Pentekoste, 9 Juni 1549, na kesho yake kijiji cha Sampford Courtenay kule Devon watu wakamlazimisha padre arudie Misa ya Kilatini. Uasi ukaenea Devon na Cornwall, wakauzingira mji wa Exeter, maelfu wakauawa. Hapo uliza darasa, nyumbani mnaenda ibada ya lugha gani? Utasikia Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo. Kisha waambie watu wa Cornwall walilalamika kwamba wengine wao hata Kiingereza hawakijui, na Cranmer akawajibu, je, wanaojua Kilatini kwenu ni wengi kuliko wanaojua Kiingereza? Waachie hapo wabishane. Mimi naona Cranmer alikuwa na haki kutaka watu waelewe wanachosali, na alikosea kuacha hicho kitabu kilazimishwe kwa upanga.

Sheria moja usivunje: wafu wa pande zote watajwe siku hiyo hiyo. Mary, dada yake Edward, alikataa kuacha Misa, 1551 akaingia London na watu wake wakiwa na rozari zinaonekana, na alipokuwa malkia Waprotestanti karibu 300 wakachomwa, Cranmer mwenyewe Oxford 21 Machi 1556. Usimalize hapo. Taja pia Margaret Clitherow wa York, mke wa mchinjaji, aliyeficha mapadre na 1586, wakati wa malkia Elizabeth, aliyekuwa Mprotestanti, akauawa kwa kukandamizwa na mawe. Ukiahirisha mmoja hadi wiki ijayo, kuna kijana ataenda nyumbani na nusu ya stori.

Dakika kumi za mwisho leta misale, kile kitabu cha Misa cha Wakatoliki, na kitabu cha sala cha ACK, Mkatoliki na Mwanglikana wakae pamoja wasome Nasadiki, ile kanuni ya imani, kwa sauti. Watafika mahali panasema kanisa katoliki na la mitume na lazima mmoja aruke, ati mbona nyinyi pia mnasema katoliki? Hapo mwambie Cranmer aliandika upya ibada mara mbili, 1549 na 1552, na hayo maneno akayaacha ndani mara zote mbili.