Kudai nauli za kazi ukiwa na saiti Amu, Pate na bara

Kijana mmoja wa hapa Amu (Lamu), fundi wa sola wa mkataba, alirudishiwa madai yake yote ya nauli na ofisi ya Nairobi. Tukakaa tukayapanga upya, na mara hii yakalipwa. Hivi ndivyo tulivyofanya. Utafaidika ikiwa leo uko Matondoni hapa kisiwani, kesho Hindi kule bara, kesho kutwa Faza kisiwani Pate.

Hatua ya 1: Kituo chako

Mkataba utaje kituo chako ni wapi. Kikiwa Amu, nauli ya kwenda Faza ni ya mwenye kazi. Lakini ukikaa Shela, ya Shela hadi Amu ni yako. Mkataba ukinyamaza, uliza kwa barua pepe na usubiri jibu la maandishi. La simu halina faida siku ya kulipwa.

Hatua ya 2: Kitabu cha vocha

Vocha ni karatasi ya kuthibitisha malipo pasipo risiti. Nunua kitabu chenye karatasi ya kaboni. Programu za simu za kuweka gharama siziungi mkono kwa kazi ya visiwani: nahodha mwenye mikono ya maji chumvi atatia sahihi kwenye karatasi, hatagusa skrini yako.

Hatua ya 3: Boti

Hapa ndipo madai mengi hukwama, kwa kuwa boti ya abiria kwa kawaida haina risiti. Lipa kwa M-Pesa hata nauli iwe ndogo, upate ujumbe wenye jina, kiasi na saa. Namba ikiwa ya mwenye boti na si ya nahodha, liandike hilo kwenye vocha, la sivyo mhasibu atauliza huyu ni nani. Andika pia tarehe, ulikotoka na ulikokwenda, jina la boti, namba ya muamala na kazi uliyoifuata. Sahihi ichukue boti ikiwa bado imefungwa gatini. Nahodha akianza kupakia abiria wa kurudi, humpati tena.

Kisha kuna suala la maji. Boti za Pate na Faza hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakikupwa boti yenye mzigo hukwama. Saa za kujaa nazo husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo safari haina saa moja ya kudumu. Mhasibu aliyezoea matatu ataona umelala Faza baada ya kazi kwisha, na atakata hela ya malazi. Usimwachie akisie. Andika hivi: "Kazi imeisha saa tisa alasiri, maji yamekupwa, boti imeondoka kesho yake saa tatu asubuhi maji yakijaa." Ambatisha jedwali la maji la siku hizo. Ukikodi boti nzima, eleza kwa nini ya abiria haikufaa: mzigo, au mgonjwa, au maji.

Punda wa kubeba paneli hadi saiti umwandikie vocha yake. Huo ni usafirishaji wa vifaa, usiuchanganye na nauli yako.

Hatua ya 4: Bara

Boda ya Mokowe hadi Hindi: vocha na M-Pesa, vilevile.

Hatua ya 5: Ankara

Toa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA). Tangu 1 Januari 2024, kwa kawaida matumizi yasiyo na ankara hiyo hayampunguzii mteja kodi ya mapato, kwa hiyo bila hiyo atasita kukulipa. Ada ya kazi iwe mstari wake, nauli mstari wake. Ukizijumlisha, kodi ya zuio ya asilimia 3 ya ukandarasi, ile anayoikata mteja kabla ya kukulipa, itakatwa kwenye jumla yote: nauli ya shilingi 14,000 inapungua 420, ilhali ni pesa uliyokwisha kuitoa mfukoni.

Hatua ya 6: Kutuma

Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho, kisha utie alama kila muamala ulio na vocha. Panga vocha kwa tarehe, ziunganishe na taarifa na ankara katika PDF moja, uitume kabla hawajafunga hesabu za mwezi.