Kutia dawa maji ya mwaloni: klorini ifike mpaka kwenye kikombe

Utaratibu huu ndio wa kambi za wakimbizi, na unafaa pia kwenye mialo ya Ziwa Victoria kama Igombe na Kayenze, Mwanza, au kambi za wavuvi visiwani, ambako watu wamesongamana na maji ya kunywa yanatoka ziwani. Mfano wetu una simtanki mbili za lita 2,000: moja ya kutuamisha tope, nyingine ya kutia dawa. Usiridhike kwa sababu maji ni mazuri bombani. Uliza kama dumu lililotekwa asubuhi bado lina klorini jioni.

Hatua ya 1: Kuvuta maji

Vuta alfajiri, mbali na vyoo, mitumbwi na magugu maji. Funga mdomo wa mpira wa pampu chini ya dumu tupu linaloelea, ukae nusu mita chini ya uso wa maji bila kugusa tope. Mtu asiingie ziwani saa za jua kali. Ndipo vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Palipo na utando wa kijani usivute kabisa, kwa kuwa sumu ya mwani huo haiondoki hata kwa kuchemsha.

Hatua ya 2: Shabu

Jaza maji ndoo nyeupe. Kama chini hakuonekani vizuri, usitie klorini bado: tope huila dawa, na vijidudu hujificha humo. Yeyusha gramu 10 za shabu (dawa inayofanya tope ligandane na kutua) katika lita 1 ya maji. Panga ndoo nne za lita 20, utie mililita 40, 80, 120 na 160. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika 10, uache saa moja au zaidi. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichotakata maji. Mililita 80 kwa ndoo ni gramu 80 za shabu kwa tangi zima. Tope likitua, hamishia maji ya juu kwenye tangi la pili.

Hatua ya 3: Klorini

Chukua gramu 15 za HTH, yaani unga wenye klorini 65–70%, utie kwenye lita 1 ya maji safi ndani ya chombo cha plastiki. Unga ndio uingie kwenye maji, kamwe si unga kumwagiwa maji. Acha chokaa itue, utumie maji ya juu. Angalizo kubwa kwa wavuvi: HTH ikigusana na petroli au oili inaweza kuwaka moto. Isikae stoo moja na mafuta ya injini, wala isipakiwe nayo mtumbwi mmoja.

Tia mililita 2, 3, 4 na 5 za dawa hiyo kwenye ndoo nne za lita 20 za maji yaliyotakata, ukipimia kwa bomba la sindano. Funika, subiri dakika 30, pima kwa kidonge cha DPD namba 1 (hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi) bila kukigusa kwa vidole. Chagua ndoo iliyosoma klorini 0.5 mg kwa lita. Kipindupindu kikiwepo, tafuta 1.0. Zidisha mara 100: mililita 3 kwa ndoo ni mililita 300 kwa tangi. Rangi ya waridi ikitokea na kufutika papo hapo, klorini imezidi mno, wala si kwamba haipo.

Koroga tangi, subiri dakika 30, pima tena, ndipo ufungue koki.

Hatua ya 4: Dumu la nyumbani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, familia zilizopewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiingie, watoto wao wa chini ya miaka mitano waliugua kuhara pungufu kwa 31%.

Jioni pima maji majumbani. Yasome angalau 0.2 mg kwa lita. Yakisoma sifuri, kesho yake jaza dumu jipya pamoja na la mwenye nyumba, uyaweke kivuli kimoja, uyapime yote mawili jioni. Jipya likiwa na klorini na lake halina, tatizo ni ute wa ndani ya dumu: tia kokoto, maji kidogo na dawa, tikisa sana, suuza. Yote yakiwa sifuri, ongeza mililita 50 kwa tangi, upime tena siku inayofuata. Usiongeze mara mbili kwa mkupuo, kwani maji yakinuka dawa watu watarudi kuchota ziwani.