Tapentaini si tina: ninavyoitumia kwenye mitumbwi hapa Igombe

Mteja akishuka Igombe, mwalo wetu wa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na kopo la rangi ya mafuta mkono mmoja, na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya kuchanganyia mkono wa pili, namuuliza kwanza: hiyo ni nini? Atajibu, "Tapentaini, fundi." Nikifungua kifuniko, mara nyingi nakuta ni tina.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe nilipokuwa bado najifunza. Nilipaka ubavu wa mtumbwi rangi ya bluu jioni, kesho yake nikaandika jina la mwenye chombo kwa rangi nyeupe niliyoilainisha kwa tina. Hata nusu saa haikupita, bluu ya chini ikavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nilikwangua siku nzima, na msasa nikanunua kwa pesa yangu.

Tina (thinner) ni kali na hukauka upesi. Kazi yake ni rangi za kupuliza, kama za magari, na vanishi zake. Tapentaini ni ya rangi ya mafuta. Ukitilia shaka, chukua kipande cha kioo, kipake rangi ya kucha (mimi huiba ya binti yangu), iache ikauke kabisa, kisha sugua kwa tambara lenye tone la hicho ulichonunua. Ikitoka, hiyo ni tina. Tapentaini haiitoi.

Tapentaini yenyewe iko ya namna mbili. Ya asili hutoka kwenye utomvu wa msonobari, mti uleule tunaouita paina mbao zake zikifika Mwanza. Gome huchanjwa, utomvu hukingwa, kisha hupikwa: mvuke ukipozwa ndiyo tapentaini, na kinachobaki ni gundi ngumu ya kahawia ambayo mafundi wa redio huijua, maana huitumia kwenye kuchomea risasi. Hata hapa nchini misonobari ya Sao Hill, Mufindi, hugemwa utomvu. Viwandani hawaishii kwenye rangi: hutengenezea kafuri, manukato, gundi, na dawa za kusafishia sakafu zenye harufu ya paina. Namna ya pili hutokana na mafuta ya petroli, ndiyo iliyojaa madukani, na bei yake ni nafuu. Pua inatosha kuzitenga: ya mti hunukia ubao uliotoka kupasuliwa, ya petroli inakaribia mafuta ya taa. Kwa mtumbwi zote mbili zinafaa.

Mtumbwi mpya ukishazibwa nyufa kwa pamba na mbao zimekauka, mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi ili uzame kwenye mbao. Kwa lita moja ya rangi mimi naweka tapentaini kama mililita 100, mbao kavu sana zikinywa naongeza hadi 150. Mkono wa pili naweka mililita 50 tu, na wa mwisho siweki kabisa. Tapentaini ikizidi, rangi hupoteza mng'ao, hutiririka, na jua la ziwani huimaliza mapema. Koroga kwa kijiti kutoka chini, maana rangi nzito hulala kwenye kitako cha kopo. Paka asubuhi, umande ukishaondoka, kabla upepo wa mchana haujaleta mchanga. Maandishi ni jambo lingine: hapo brashi naichovya ncha tu kwenye tapentaini, la sivyo herufi zinalia machozi.

Brashi usiioshe kwa chupa nzima. Mimina kidogo kwenye kopo, suuza, kamua, rudia, malizia kwa sabuni na maji. Ile chafu iache kwenye chupa ya kioo siku mbili. Rangi itatuama chini, ya juu utaimimina uoshee tena. Nina chupa moja ambayo imeosha brashi tangu masika. Tope lake lianike kwenye kopo la zamani mpaka likauke, ndipo ulitupe. Usilimwage ziwani. Maji hayohayo tunayachota.

Nyumbani nampendezesha mama watoto kwa kitu kimoja: nta ya kung'arishia kabati. Kwangua nta ya nyuki, ya Tabora ni nzuri, sehemu moja kwa tapentaini ya mti sehemu tatu, funga kwenye kopo la bati uiache usiku kucha. Itakuwa laini kama siagi. Paka kidogo, subiri kidogo, sugua kwa kitambaa kikavu. Wapo wanaoharakisha kwa kuiweka jikoni. Wewe usithubutu: tapentaini ya mti ikifika nyuzi 35 hivi, mvuke wake unaweza kudaka moto, na mchana wa Mwanza hauko mbali na hapo.

Matambara yenye rangi ya mafuta au mafuta ya kitani usiyarundike kwenye kona. Hujipasha moto yenyewe mpaka yawake. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatie kwenye ndoo ya maji.

Mikononi napaka mafuta ya kula, nasugua, kisha sabuni. Tapentaini hukausha ngozi na wengine huwatoa upele. Na yule anayekwambia kijiko kimoja hutoa minyoo, mkatalie. Mtoto wa jirani yangu aliinywa kutoka chupa ya maji. Mama yake akataka kumtapisha, tukamzuia, kwa sababu ikipanda tena huingia mapafuni na huko ndiko inakoua. Tulimkimbiza hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione. Alipona. Tangu siku hiyo yangu inakaa kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kuzungusha, nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu, juu ya boriti, mbali na kichanja cha dagaa. Dagaa wakinusa harufu hiyo hawauziki. Ukiwafikisha Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mnunuzi ananusa mara moja na kupita.