Somo: Mguu wa mbio fupi, kuanzia kisigino hadi makalio

Watu wakitaka kujua kama mtu ana mbio, humtazama vigimbi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, na ndiyo sababu ya somo hili. Vua viatu, tutaanzia chini kupanda juu.

Hatua ya 1: Ishike kano yako

Kaa kitini, pandisha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, kisha bana kwa vidole viwili sehemu iliyo juu kidogo ya kisigino. Utakuta kitu kama kamba nene. Vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko: kamba inakaza. Uachie wayo uning'inie: inalegea. Hiyo ni kano ya kisigino, nene kuliko kano zote mwilini. Panda nayo polepole mpaka uhisi ukamba unageuka nyama. Wengine nyama huanza karibu na kifundo, wengine juu kabisa.

Kano haijikunji yenyewe kama msuli. Kazi yake ni kuvutwa na kurudi, na inaporudi hurejesha takribani asilimia 90 ya nishati iliyoivuta. Springi nzuri sana, tena ya bure.

Hatua ya 2: Ruka, kisha ruka vibaya

Ruka papo hapo mara kumi, magoti yamekaza, unagusa chini kwa sehemu ya mbele ya wayo, ukitua tu umeshaondoka. Pumzika. Rudia mara kumi, ila safari hii kila ukitua hesabu "moja, mbili" ndipo uruke. Utaona ajabu: unaruka chini zaidi na vigimbi vinachoka zaidi. Wakati unahesabu, mkazo uliokuwa kwenye kano umepotea bure, na msuli umelazimika kuanza kazi upya.

Sasa tazama saa. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alipiga hatua 41 hivi. Mkimbiaji wa daraja lile akifikia kasi ya juu, wayo wake hukaa chini kwa takribani sekunde 0.1, mara nyingi pungufu ya hapo. Katika muda huo anaikandamiza ardhi kwa nguvu ambayo kileleni hufika mara nne ya uzito wake au zaidi. Msuli ukiambiwa uanze kukaza baada ya kutua, hauwezi kufika huko: kufikia nguvu yake yote huuchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo lazima uwe umekaza kabla wayo haujagusa chini, uishikilie kano, kano ivutike na kurudi. Sikiliza mtu mwenye mbio akipita karibu yako: hatua zake hulia "ta-ta-ta", kavu. Anayelegea kifundo hulia "paf, paf".

Hatua ya 3: Elewa wenzo wa kisigino

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea.

Msuli unaojikunja haraka hutoa nguvu kidogo. Ni kama kusukuma baiskeli ambayo tayari inakwenda kasi kukushinda: mikono inaifuata tu, haiisukumi. Sasa fikiria kisigino kinachochomoza sana nyuma. Kano iko mbali na kiungo cha kifundo; umbali huo ndio wenzo, nao ni mrefu, na akili inasema hiyo ni faida. Kwa mtu anayetembea ni kweli. Lakini kifundo kikizunguka kiasi kilekile, wenzo mrefu hulazimisha kigimbi kijikunje zaidi, yaani haraka zaidi, na nguvu inapungua wakati inapohitajika. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapima wakimbiaji wa mbio fupi na watu wa kawaida wa urefu uleule. Wakimbiaji walikuwa na wenzo mfupi kwa karibu robo, nyuzi za kigimbi ndefu zaidi, hata vidole vya miguu virefu zaidi.

Nyuzi ndefu husaidia kwa sababu hiyohiyo. Uzi mrefu una vipande vingi vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kikijikunja kidogo tu, na jumla yake ni safari ndefu kwa muda mfupi.

Mfupa wa kisigino umezaliwa nao, usiuwazie. Nyuzi na kano ndivyo vinavyofundishika.

Hatua ya 4: Panda juu, injini iko huko

Msuli mkubwa wa makalio ndio unaourudisha mguu nyuma kwa nguvu. Picha za MRI (mashine inayoonyesha ndani ya mwili) za wakimbiaji wa Uingereza zimeonyesha kuwa ukubwa wa msuli huo unawatofautisha wa daraja la juu na wale walio chini yao kidogo. Misuli ya nyuma ya paja inausaidia, na ina kazi nyingine ngumu: kuufungia breki ugoko unaorushwa mbele, muda mfupi kabla ya kutua, huku ikiwa inavutwa. Ndiyo maana huchanika mtu akiwa kasi ya juu. Wangu ulichanika kwenye mita ya 70 au karibu na hapo. Nilihisi kama mtu amenirarulia kitambaa ndani ya paja. Sikuwa nimewahi kuufanyia zoezi hata moja.

Hatua ya 5: Mazoezi

Simama kwa vidole ukiwa na uzito, panda na kushuka polepole, siku mbili au tatu kwa wiki. Kwa nyuma ya paja: piga magoti, mwenzako akushike vifundo, ushuke mbele taratibu kadiri unavyoweza kujizuia. Makalio yanataka kuchuchumaa na uzito. Kisha mbio zenyewe: mita 20 hadi 30 kwa kasi yote, pumzika dakika mbili tatu, rudia mara nne au tano. Ukipunguza mapumziko umegeuza zoezi kuwa la pumzi.

Msuli hujibu ndani ya wiki. Kano hutaka miezi. Usiongeze kuruka kwa kuwa tu misuli inajisikia vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, vigimbi vyangu ni vyembamba mno, wenzangu wananicheka. Nivijaze?*

Viache. Uzito ulio mbali na nyonga ni mzigo kila mguu unaporushwa mbele. Viimarishe bila kuhangaikia unene wake.

*Nimeambiwa ninyooshe misuli sana kabla ya kukimbia. Sawa?*

Kushikilia mnyoosho mmoja zaidi ya dakika nzima kabla ya mbio hupunguza nguvu. Kimbia polepole, rusha miguu, piga hatua za kuinua magoti. Minyoosho mirefu iweke jioni.

*Nyuzi za kasi mtu anazaliwa nazo au anazitafuta?*

Nyuzi hizo za msuli, zinazojikunja haraka kuliko nyingine, kwa sehemu kubwa ni urithi. Ila kuna jambo watu hawalijui: mazoezi mazito huzigeuza nyuzi zilizo za kasi kuliko zote kuwa za kasi ya wastani, na ukipunguza mazoezi hurudi.

*Samahani mwalimu, asubuhi kisigino kinakaza na kuuma, nikitembea kidogo kinaachia. Nipumzike kabisa?*

Pole. Hiyo ni dalili ya kano iliyozidiwa. Acha kuruka na mbio kali kwa sasa, lakini usikae tu: endelea kupanda na kushuka kwa vidole polepole, maumivu yasizidi kadiri siku zinavyokwenda. Yakizidi, muone mtaalamu wa viungo. Ila siku ukisikia "paa!" kama umepigwa teke nyuma ya mguu, ukashindwa kusimama kwa vidole, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Ile "ta-ta-ta" mimi siipati, kila nikijaribu nagonga chini kwa nguvu.*

Unaitafuta kwa kuukita mguu. Rudi Hatua ya 2, ruka kwa kamba dakika moja moja, na usikilize kamba ikigusa chini. Wayo wako usilie kuliko kamba.