Viza ya kazi Ujerumani kwa mtu wa kompyuta asiye na digrii: barua ya utumishi ndiyo itakayokubeba

Mwangaluka, ndugu zangu. Niko likizo nyumbani Nyakato, na kila jioni anabisha hodi mtu mwenye swali lile lile: "Ulipataje viza wakati chuo hukumaliza?" Kwa kuwa jibu la kibarazani huwa nusunusu, nimeona niliandike somo zima, kila mtu alisome kwa nafasi yake.

Chuo nilisoma mwaka mmoja na nusu, ada ikanishinda. Nikaajiriwa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na kwa miaka sita nilikuwa mtu pekee wa kompyuta pale. Leo ni msimamizi wa mifumo Leipzig, na kibali nilichonacho ni Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Wajerumani wanaiita Blaue Karte.

Hatua ya kwanza: jua unaingia kwa mlango upi

Zamani kadi hii ilikuwa ya wenye digrii. Novemba 2023 Ujerumani ilibadili sheria yake, na sasa mtu wa TEHAMA anaweza kuipata bila cheti chochote cha chuo, mradi awe na uzoefu wa angalau miaka 3 alioupata ndani ya miaka 7 iliyopita. Uzoefu huo lazima uwe wa kiwango kinacholingana na cha mtu aliyesoma chuo kikuu, na uwe unahusiana na kazi unayokwenda kufanya. Juu ya hapo uwe na mkataba wa kazi wa miezi 6 au zaidi, wenye mshahara usiopungua kima kilichowekwa.

Wengi wanasoma "miaka 3" wanafurahi, wanaruka hayo maneno ya kiwango. Hapo ndipo maombi yanapofia. Yangu ya kwanza yalifia hapo hapo.

Hatua ya pili: jipime kwa kazi, usijipime kwa cheo

Shirika la Kazi Duniani lina orodha inayozipa kazi zote namba, inaitwa ISCO-08. Sheria ya Ujerumani inataka kazi unayoajiriwa iwe ya kundi 133, yaani mameneja wa TEHAMA, au kundi 25, yaani wataalamu wa TEHAMA. Ndani ya 25 kuna mchambuzi wa mifumo (2511), mtengenezaji wa programu (2512), msimamizi wa hifadhidata (2521), msimamizi wa mifumo (2522) na mtaalamu wa mitandao (2523).

Sasa tazama jirani yake, kundi 35. Humo yumo anayewasaidia watumiaji kompyuta zinapowagomea (3512) na fundi wa mitandao na mifumo (3513). Kazi nzuri, zina heshima yake, lakini kwa kadi hii hazihesabiki.

Kwetu Mwanza mtu mmoja anafanya zote hizo kwa wakati mmoja. Asubuhi unabadilisha wino wa printa ya mhasibu, mchana unapanga upya mtandao wa jengo zima, usiku unarudisha data baada ya umeme kukatika, na cheo chako kwenye kitambulisho ni "Fundi Kompyuta". Cheo hicho hakiwezi kukuvusha, kazi ile ya mchana na ya usiku inaweza. Chukua daftari, andika kila ulichofanya kwa miaka mitatu, kisha tenganisha: lipi nililitengeneza kwa kufuata maelekezo, na lipi nililibuni na kuliamua mimi. Fungu la pili ndilo lenye thamani hapa.

Hatua ya tatu: barua ya utumishi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliumia.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema nilianza kazi lini, kwamba ni mchapakazi na mwaminifu, na kwamba wananitakia kila la heri. Muhuri mzuri, sahihi nzuri. Mwajiri wa Leipzig aliituma kwenye Wakala wa Ajira wa Shirikisho, maana kwa asiye na digrii lazima wakala huo uridhie. Ikakataliwa: hakuna kinachoonyesha kiwango cha kazi. Nilipoteza miezi mitatu, na ni bahati kubwa kwamba mwajiri alinisubiri.

Nikarudi kiwandani. Meneja uzalishaji, mzee muungwana sana, alikaa nami jioni tatu baada ya zamu. Tukaorodhesha. Nilibuni hifadhidata inayofuata kila shehena ya sangara tangu inapopokelewa hadi boksi linapopakiwa kwenda uwanja wa ndege. Nilichagua seva na kuhamishia mfumo wa zamani humo. Nilipanga utaratibu wa nakala rudufu na kuujaribu kila mwezi. Niliweka fayawoli na kuamua nani anaingia wapi. Niliwafundisha wawili walionifuata. Kila jambo likaandikwa na mwaka wake, idadi ya watumiaji, na majina ya programu zilizotumika. Barua ikawa kurasa mbili, yenye jina na simu ya aliyeisaini. Hiyo ndiyo iliyopita.

Sikuongeza hata chembe, nawe usiongeze. Mwajiri atakuhoji juu ya kila mstari, na uongo ukigundulika unaharibu hata yale uliyoyafanya kweli.

Ambatanisha taarifa ya michango ya NSSF. Barua inasema ulifanya nini, na michango inaonyesha kwamba kweli uliajiriwa miaka hiyo.

Hatua ya nne: mkataba na mshahara

Kima cha chini hubadilika kila Januari. Kwa watu wa TEHAMA kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka 2025, na 2026 ni euro 45,934.20, yaani karibu euro 3,828 kwa mwezi kabla ya makato. Kodi, pensheni na bima ya afya huondoa takriban theluthi kwa asiye na familia, kwa hiyo usije ukaanza kuizidisha hiyo kwa shilingi ukanunua kiwanja Buswelu kabla hujaondoka.

Mkataba ukipungua hata euro moja, haupiti. Mwombe pia mwajiri atafute ridhaa ya wakala mapema, kabla hujaenda ubalozini. Anaruhusiwa kufanya hivyo, na inapunguza mashaka.

Hatua ya tano: ubalozi

Maombi ni ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Ada ni euro 75. Safari ni zaidi ya kilomita 1,000, basi usipande gari Nyegezi kabla hujapata miadi na kuhakiki karatasi zote: pasipoti, mkataba, fomu ya maelezo ya ajira aliyoijaza mwajiri, wasifu, barua, bima ya afya. Kadi yenyewe utapewa ukishafika kule, kwenye ofisi ya wageni ya mji wako.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Sengerema, mwaka wa tano huu. Ninafaa?*

Marahaba mdogo wangu. Kwa kazi ya kutengeneza vifaa peke yake, hapana. ISCO inaiweka 7422, mbali na 25. Lakini kama humo humo uliwahi kuijengea zahanati au SACCOS mfumo na ukaendelea kuusimamia, tafuta mikataba, ankara na malipo ya kazi hiyo, uihesabu peke yake. Ikifika miaka 3 una pa kuanzia.

*Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta, nimehitimu mwaka jana, uzoefu sina. Nimekosa?*

Hapana dada, mlango wako ni mwepesi kuliko wangu. Mwenye digrii hadaiwi ile miaka mitatu, na kima cha mshahara ni hicho hicho cha chini. Fungua kanzidata ya Wajerumani ya vyuo na shahada za nje, iitwayo anabin. Chuo chako kiwe na alama H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako iwe imelinganishwa. Kama shahada haimo, omba tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya nje, euro 208.

*Mimi nina miaka miwili tu kazini, nisubiri?*

Tangu Machi 2024 kipo kibali kingine kwa watu wa TEHAMA wenye miaka 2 ndani ya 5 iliyopita. Si Kadi ya Bluu, na mshahara wake wa chini unakaribiana na huu. Lakini faida zake kwa familia na ukaazi si sawa. Kama ajira yako ni salama, mimi ningemalizia mwaka wa tatu.

*Kuna wakala hapa mjini anataka milioni nne, anasema mkataba utatoka ndani ya wiki mbili bila usaili.*

Usimpe hata mia. Hakuna mwajiri atakayemlipa mtu euro 45,000 bila kuongea naye. Nafasi za kweli zimo kwenye tovuti ya serikali yao, Make it in Germany, na kuisoma ni bure.

*Kijerumani lazima? Na mke wangu je?*

Kwa kadi hii sheria haidai Kijerumani, ila waajiri wengi watataka. Mkeo anaweza kukufuata bila kufanya mtihani wa lugha kwanza, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Anzeni kujifunza wote wawili sasa: mwenye kadi akifika kiwango cha B1 cha Kijerumani (cha kati) anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21, akiwa na A1 (cha mwanzo) ni miezi 27.

*Kaka, tuwekee hapa ile barua yako tuifuate.*

Sitaiweka, nisamehe. Mezani kwa afisa mmoja zikifika barua kumi zenye maneno ya sangara, zote zitatiliwa shaka, pamoja na ya mwenye haki. Nipo Nyakato hadi mwisho wa mwezi. Njoo Jumamosi baada ya saa kumi na daftari lako la kazi, tuiandike yako.