Jinsi ya kuchagua pikipiki ya kwenda kazini kila siku kama unakaa mbali (isikumalize mgongo wala mafuta)

Mimi napiga kilomita 58 asubuhi na 58 jioni, siku tano kwa wiki, huu mwaka wa saba, na niliyonayo sasa ni pikipiki ya tatu. Ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa nzuri jamani, tangi limechongoka, hendeli za chini zile za kuinama mbele, nikakaa juu yake dakika mbili palepale dukani nikalipa. Wiki ya pili vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikawa vinakufa ganzi, nafika kazini nashindwa hata kufunga kifungo cha shati, ganzi inakuja kuisha saa nne. Nikaiuza kwa hasara hata mwaka haijamaliza. Kwa hiyo haya ninayoandika sijayasoma popote, makalio na viganja ndo vimenifundisha.

Hatua ya 1: Pima njia yako kwanza

Watu wengi swali lao la kwanza ni "nichukue cc ngapi?" Tulia. Chukua wiki moja uandike safari yako ni kilomita ngapi hasa, dakika ngapi uko kwenye foleni, dakika ngapi barabara iko wazi, na barabara ikiwa wazi magari mengine yanatembea spidi gani, maana hiyo spidi ndo utalazimika kwenda nayo, ukienda chini yake sana malori yanakukalia mgongoni. Pima kwa GPS ya simu. Spidomita za pikipiki nyingi zinaongeza chumvi, inakuonyesha 90 kumbe uko 84 au 85.

Halafu piga hesabu ya mwezi. Yangu ni kilomita 116 kwa siku mara siku 22, yaani 2,552, kwa mwaka inapita 30,000. Sasa angalia kitu hapa. Pikipiki inayoenda kilomita 25 kwa lita itanila lita 102 kwa mwezi. Inayoenda 40 itakula kama 64. Inayoenda 50 itakula 51. Kutoka 25 kwenda 40 nimeokoa lita 38, ila kutoka 40 kwenda 50 nimeokoa 13 tu. Kwa hiyo ukishafika kwenye 35 au 40 kwa lita usijitese kutafuta tone la mwisho huku unakalia ubao, anza kununua raha.

Hatua ya 2: Spidi yako ndo ichague injini

Kosa ninaloliona sana ni mtu kudhani injini ndogo lazima inakula kidogo. Inategemea unaiendeshaje. Upepo unaokusukuma unaongezeka kwa kipeo cha pili cha spidi, ukitoka 80 kwenda 100 ule msukumo unapanda zaidi ya nusu, na nguvu inayotakiwa kutoka kwenye injini inakaribia mara mbili. Sasa chukua 125 uivute hadi 95 kila siku, umefungulia mafuta mpaka mwisho, injini inalia njia nzima, hapo ule ubahili wake wote umekwisha na mlima mdogo tu unakurudisha gia ya tatu. Nimeishi hayo maisha miezi minne kwa pikipiki ya kuazima. Inachosha kichwa kuliko mwili.

Mimi nagawa hivi. Kama muda mwingi uko chini ya 70, 110 mpaka 150 inakutosha kabisa, hizi za aina ya Bajaj Boxer 150, Honda CB125F na ndugu zake, huhitaji zaidi. Kama unatembea 80 mpaka 95 anza kuangalia 200 mpaka 300, na hapo kuna kitu kama Suzuki V-Strom 250 ambayo ina silinda mbili na tangi la lita 17.3, ukijaza unasahau sheli. Kama barabara yako ni 100 mpaka 120 muda mrefu, nenda 400 mpaka 750, ila siyo kila 400. Tafuta injini ya kuzunguka polepole. Honda NC750X ni 745 cc lakini imetengenezwa kufanya kazi kwa mizunguko ya chini, ndo maana watu wanapata kilomita 25 mpaka 30 kwa lita wakati kuna 400 za mbio hazifiki hapo.

Kipimo chepesi ni hiki, ukiwa gia ya mwisho kwa spidi yako ya kawaida, mshale wa mizunguko uwe nusu ya njia kwenda mstari mwekundu (kikomo cha mizunguko ya injini) au chini ya hapo. Ukiwa robo tatu, hiyo injini ni ndogo kwako au gia zake zimepangwa fupi, yaani inazunguka sana kwa spidi ndogo.

Skuta usizidharau. Hakuna klachi, mbele pana kinga ya miguu mvua ikinyesha, na chini ya siti unaweka mzigo. Shida yake ni tairi dogo, Yamaha NMAX 155 kwa mfano ina rimu za inchi 13, ukikutana na mashimo uti wa mgongo utajua. Njia yako ikiwa lami safi, skuta ya 125 au 155 inaweza ikawa jibu lako na ukaacha kusoma hapa.

Hatua ya 3: Mwili, na hapa usiwe na haraka

Kuna sehemu tatu zinazokushika, siti, hendeli, na pale unapokanyaga miguu. Zikipangwa vibaya hakuna sponji ya kukuokoa.

Nenda dukani, au kwa anayeiuza, umevaa helmeti yako, koti lako, viatu vyako vya kazini na begi lako mgongoni. Mwombe aipandishe stendi kubwa ya katikati, au mtu aishikilie wima. Kaa. Fumba macho, weka mikono mbele pale inapotaka yenyewe kushika hendeli, bila kutafuta. Fumbua. Kama viganja vimeangukia juu ya hendeli au karibu yake, vizuri. Kama hendeli iko mbele zaidi au chini zaidi, uzito wako utahamia kwenye viganja, na hiyo ndo njia ya kwenda kwenye ile ganzi yangu, kuna mshipa wa fahamu unapita kiganjani upande wa kidole kidogo na ukiukandamiza saa nzima unakugomea.

Sasa toa mikono kabisa kwenye hendeli huku umekaa vilevile. Ukianguka mbele, ujue viganja ndo vilikuwa vinakushikilia. Ukibaki umekaa umetulia kama uko kwenye kiti cha kulia chakula, hiyo pozi utakaa nayo.

Magoti yasikunjwe chini ya pembe mraba. Mtu mrefu kwenye pikipiki fupi anafika kazini anatembea kama ndama aliyetoka kuzaliwa.

Siti sasa. Siti laini sana ni mtego, na hii naisema kwa kuumia. Dukani inakupokea kama sofa, baada ya nusu saa sponji imelala na unakalia plastiki. Bonyeza kwa ngumi katikati, tumia uzito wa bega, ukigusa kigumu cha chini achana nayo au jiandae kuibadilisha. Angalia pia kama imeinamia mbele, maana siti za hivyo kila ukishika breki zinakutelezesha kwenye tangi, na wanaume wenzangu sihitaji kueleza zaidi. Siti nzuri ni pana nyuma, imenyooka, na ina nafasi ya kusogea nyuma na mbele kidogo, kwa sababu dawa ya maumivu ya safari ndefu ni kubadilisha mkao.

Kaa dakika 20. Ndiyo, 20, muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Mimi ya tatu nilikaa mpaka mzee aliyekuwa ananiuzia akaniuliza, "Kijana, unanunua au umekuja kupumzika?" Nikamwambia mzee wangu vyote viwili.

Hatua ya 4: Mtetemo na upepo

Hivi huwezi kuvijua imesimama, lazima uiendeshe. Omba ukaijaribu kwenye barabara inayofanana na yako, ifikishe spidi yako ya kila siku, kaa nayo hapo dakika kumi, kisha tazama kioo cha pembeni. Ukiweza kutambua gari la nyuma ni aina gani, mtetemo unavumilika. Ukiona rangi tu inayochezacheza, mikono na miguu yako itakuwa inakula hicho kitu masaa mawili kila siku. Injini ya silinda moja mara nyingi inatetema zaidi ya silinda mbili, lakini kila injini ina spidi zake inazotulia na spidi zake inazokera, kwa hiyo ipime kwenye spidi YAKO.

Upepo nao una ujanja wake. Kile kioo cha mbele cha kukinga upepo kikiwa na urefu usiokufaa kinachukua upepo na kukuelekezea kichwani, helmeti inagongwa njia nzima na masikio yanavuma mpaka usiku. Jaribu hivi barabara ikiwa tupu, nyanyuka kidogo juu ya siti kichwa kiingie kwenye upepo mtupu. Kelele ikipungua ukiwa umenyanyuka, shida ni kioo, kibadilishe au kikate, pikipiki yenyewe haina kosa. Na kwa vyovyote vaa vizibo vya masikio vya sponji, uchovu mwingi unaodhani ni wa mgongo ni wa kelele.

Hatua ya 5: Ulaji wa mafuta upime mwenyewe

Namba za kwenye karatasi zichukulie kama za kulinganishia tu. Kwa miaka mingi Japani walikuwa wanatangaza ulaji uliopimwa kwa spidi moja ya 60 bila kubadilika, na nani anaendesha hivyo? Siku hizi kuna kipimo cha kimataifa cha WMTC chenye kusimama na kuondoka, hicho kiko karibu zaidi na ukweli, angalia hicho.

Kama unanunua kwa mtu au unaazima ya rafiki, jaza tangi mpaka usawa fulani unaoukumbuka, pikipiki ikiwa wima, rudisha tripu mita kwenye sifuri, endesha angalau kilomita 150, jaza tena hadi usawa uleule, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Ukifanya mara tatu ndo uamini, mara moja haitoshi kwa sababu ukikosea usawa kidogo tu jibu linakimbia.

Ukiwa unachagua kati ya kabureta na ile inayopuliza mafuta kwa umeme, na hali zingine ziko sawa, chukua ya umeme. Asubuhi ya baridi inawaka mara moja. Kabureta faida yake ni kwamba fundi yeyote anaifungua akiwa amechuchumaa.

Hatua ya 6: Sevisi, ambayo wengi hawaihesabu

Hapa ndo pikipiki ya bei ndogo inapokugeuka. Nyingi ndogo zinataka oili kila kilomita 3,000 hivi. Kwa kilomita zangu hiyo ni kila baada ya wiki tano! Kuna za kati na kubwa zinazoandikwa 6,000, 10,000, hata 12,000. Fungua kitabu chake usome kabla ya kununua, uliza pia vali zinapimwa baada ya kilomita ngapi, na spea zinapatikana ndani ya siku ngapi, kwa sababu pikipiki ikilala kwa fundi wiki mbili wewe unaenda kazini na nini?

Cheni ikiwa wazi inataka kusafishwa na kupakwa oili kila kilomita 500 mpaka 1,000, yaani kwangu kila wiki au mbili. Mwaka wa kwanza nilipuuza, fundi akaishika akaivuta kwa kidole ikaachana na meno ya nyuma, akanitazama, "Kaka, hii siyo cheni tena, huu ni mkufu." Ukipata yenye kava linalofunika cheni yote, au ya mkanda, au ya shafti, umejipunguzia kazi.

Breki niseme kwa kifupi. Kama ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge ukishika ghafla) inapatikana na unaimudu, chukua. Ulaya pikipiki mpya za zaidi ya 125 cc zinalazimika kuwa nayo, India vilevile tangu 2019, na anayeamka saa kumi na moja barabara ikiwa na unyevu anajua kwa nini. Taa pia, nenda ukaione usiku.

Hatua ya 7: Ukishainunua, irekebishe kabla hujailaumu

Pikipiki inatoka dukani imepangiwa mtu asiyekuwepo. Legeza leva za klachi na breki, kaa mkao wako wa kawaida, nyoosha vidole, mkono kuanzia kiwiko mpaka kucha uwe mstari mmoja, kaza hapo. Dakika tano na spana mbili zinaweza kukutolea maumivu ya kifundo cha mkono ya mwezi mzima. Shokapu ya nyuma ipandishe au ilegeze kulingana na uzito wako na mzigo. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa la baridi, fuata kibandiko cha kwenye pikipiki yenyewe, usifuate mkono wa kijana wa pampu.

Na kama baada ya mwezi makalio bado yanauma, usiuze. Ng'oa siti upeleke kwa fundi wa viti, mwambie aweke sponji ngumu zaidi ila ASISHONE kava kwanza. Zungushia mfuko wa plastiki na soloteipu, nenda nayo kazini siku mbili hivyohivyo watu wacheke, kisha rudi umwonyeshe kwa kidole wapi apunguze na wapi aongeze. Akishamaliza hapo ndo ashone.